Kipimo cha Sukari Juu ya Mizani ya Malori

Usiku wa kuamkia leo niliota nipo kazini, na kilichosimama juu ya mizani hakikuwa lori. Kilikuwa kipimo cha sukari cha mke wangu.

Kabla sijaendelea nieleze tulivyolala. Mimi ni Aloyce Kihongosi, mpimaji wa malori kwenye mizani ya barabara kuu, huku kwetu Njombe ambako mwezi wa Juni maji ya kunawa uso yanauma mpaka kwenye meno. Kazi yangu ni kusema lori lina tani ngapi, na nimeifanya kwa miaka kumi na mmoja. Mke wangu Skolastika, ambaye mimi humwita Mama Osmunda kwa jina la binti yetu, ni mwalimu wa darasa la tano na ana kisukari. Kwa miaka minne sasa, mara tatu kwa siku, hujitoboa kidole, huweka tone la damu kwenye stripu, vile vijiti bapa vinavyochomekwa kwenye kipimo, huandika namba kwenye daftari, kisha hujichoma insulini kufuatana na namba hiyo.

Jana asubuhi nilimsindikiza kliniki. Maabara walisema sukari yake ni nane nukta tisa. Mimi, kwa kutaka kuhakikisha, nilikuwa nimempima mwenyewe pale kwenye benchi, mara tu alipotoka kutolewa damu, na kipimo chetu kilisema kumi nukta moja. Nilikasirika kama mtu aliyedanganywa na ndugu yake. Tulipofika nyumbani nikakivingirisha kipimo kwenye gazeti, nikakifungia kwenye droo yangu, nikamwambia kwamba kitu kinachosema uongo hakikai mezani kwangu.

Hakubisha. Alisema tu, "Basi jioni nitakisia."

Na jioni akakisia. Nilimwona ameinua bomba la sindano kwenye mwanga wa taa, analitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikaenda kulala na picha hiyo.

Sasa ndoto yenyewe.

Ni saa sita mchana, jua la kutosha, barabara tupu. Kipimo kimepanda mizani chenyewe. Kimevaa sweta la kijani, la kufuma kwa mkono, na kimesimama katikati kabisa ya bamba la chuma kama dereva anayejua kazi.

"Shuka," nasema kwenye kipaza sauti. "Mizani hii ni ya magari."

"Nimeitwa," kikajibu. "Unataka kujua uongo wangu una uzito gani."

Sauti yake ilikuwa ya mhudumu wa dirishani aliyezoea kuulizwa swali lilelile siku nzima. Nikatazama kioo changu cha kusomea uzito. Kioo kilikuwa kimeandika: UONGO, MOJA NUKTA MBILI. Nikaona hesabu ni sahihi. Ukitoa nane nukta tisa katika kumi nukta moja, inabaki hiyo hiyo.

"Umebeba nini kingine?"

"Matone elfu nne mia tatu na themanini ya damu ya Mwalimu Skolastika. Nakumbuka mia tano ya mwisho. Yaliyobaki nimeyasahau kwa mujibu wa utaratibu."

Nikachukua mhuri wangu mwekundu, ule ulioandikwa LIMEZIDI. Nilikuwa nimeshauinua wakati chuma kilipoguna chini ya miguu ya kipimo.

"Aloyce," ikasema mizani.

Sikushangaa kwamba mizani inasema. Nilishangaa kwamba imesubiri miaka kumi na mmoja.

"Lori likizidi kidogo, huwa unafanya nini?"

"Naliacha lipite. Kuna kiwango kinachosamehewa."

"Kwa nini kinasamehewa?"

"Kwa sababu mizani haiwezi kuwa..."

"Malizia."

"Haiwezi kuwa sawasawa kabisa kila mara."

"Nilitaka nijue kama unalijua hilo," ikasema mizani. Haikuwa na uchungu wowote katika sauti, na hilo ndilo lililonitia aibu.

Kipimo kikavuta mikono ya sweta lake. "Na mimi nina kiwango changu. Kumi na tano katika mia, juu au chini ya ilivyosema maabara. Tena si kila mara. Katika mara mia, tisini na tano ndizo lazima niwe ndani ya hapo. Hizo tano naweza kupotea. Ndiyo sababu watu huambiwa, nikitoa namba isiyofanana na mtu aliyekaa mbele yangu, nirudiwe."

"Kumi na tano ni nyingi," nikasema. "Mtu hawezi kuishi na kitu kinachokosea kumi na tano katika mia."

"Jaribu," kikasema, kikabonyeza kitufe chake.

Nikatazama kitambulisho kifuani mwangu. Kimeandikwa ALOYCE KIHONGOZI. Mikono ya shati imenifunika vidole mpaka kwenye kucha. Nikaamua kwenda nyumbani.

Katika ndoto nyumba yangu iko hatua mia moja kutoka kwenye mizani. Nikahesabu hatua mia. Nikajikuta mbele ya banda la nguruwe la jirani.

"Hatua kumi na tano mbele," akasema nguruwe bila kuinua kichwa.

"Asante," nikamwambia, nikaenda, na nyumba ilikuwepo.

Ndani, saa ya ukutani inakosea dakika tisa katika kila saa. Nikapiga hesabu kichwani, na ni kumi na tano katika mia kamili, haikupungua wala haikuzidi. Chai imezidi majani kidogo. Kiti kimepungua urefu kidogo, magoti yananipanda kifuani. Nikakaa katika nyumba ile mwaka mzima, wa siku mia tatu na kumi. Nilikuwa nangoja nione madhara.

Kila Jumapili nilichelewa misa, lakini nilijua ni Jumapili. Ugali ulikuwa laini au mgumu kuliko nilivyoupenda, lakini sikulala njaa. Sikuwahi kuingia mlango usio wangu. Sikuwahi kudhani usiku ni mchana. Mwaka ulipokwisha nikawa sina malalamiko ya kuandika, na jambo hilo likaniudhi.

Nikajiambia kwamba kama mwenye kosa si kipimo, basi mwenye kosa yupo mahali. Nikakumbuka stripu. Kopo lao lilikuwa kwenye rafu ya jikoni, juu ya jiko la mkaa. Nikafungua mfuniko, nikaweka jicho nichungulie, na nilipopepesa nikawa nimeshaingia ndani.

Ni chumba cha duara, hakina dirisha. Wapangaji kama hamsini wamesimama bega kwa bega, wembamba, weupe, kama kwaya inayosubiri mwalimu.

"Funga mlango," wakasema wote kwa pamoja.

Nikafunga.

"Ukungu wa Njombe ukiingia humu, tunazeeka," akasema mmoja wa mbele. Tarehe yake ya kwisha muda ilikuwa imeandikwa kwenye paji la uso, na ilikuwa bado mbali, lakini mashavu yake yalikuwa na makunyanzi. "Mimi juzi nilikuwa kijana. Mlango ukaachwa wazi adhuhuri nzima. Mvuke wa sufuria ya maharage ukapita humu kama mgeni aliyealikwa."

"Nani aliyeuacha wazi?" nikauliza kwa sauti ile ninayotumia kwa madereva.

Wote hamsini wakageuka wakatazama kidole gumba changu cha mkono wa kulia.

Kidole gumba kikakohoa.

"Ni mimi niliyefungua," kikasema. "Alitaka kuhesabu mmebaki wangapi. Alipomaliza kuhesabu hakunituma kufunga. Na kuna jingine."

"Jingine gani?" nikauliza, ingawa nilishaanza kusikia harufu yake.

"Chungwa."

Nikakumbuka vizuri. Jana pale kwenye benchi la kliniki nilikuwa namenya chungwa. Nikaliweka pembeni, nikakishika kidole cha Mama Osmunda kwa mkono uleule, na kwa haraka ya kutaka kukikamata kipimo katika uongo sikumpa nafasi ya kwenda bombani. Damu ilichelewa kutoka kwa sababu ya baridi. Nikakikamua kidole kama dawa ya meno iliyobakia mkiani.

"Ulikamua?" wakauliza stripu.

"Alikamua," kikasema kidole gumba. "Na tone la kwanza hakulifuta."

Wakatikisa vichwa. Hawakunifokea. Yule mwenye makunyanzi akasema, "Sukari ya chungwa haina jina la mwenyewe. Ikiwa kwenye ngozi, tunaihesabu. Aliyekwenda jana alikuwa jirani yangu hapa. Tulisikia kwamba alipita kwenye mlango wa kumi na tano katika mia kwa kubana tumbo. Kwa mikono ile, sisi tulijua hatapita."

Nikauliza jambo ambalo kwa miaka minne sikuwahi kuliuliza. "Yeye mwenyewe huwa anafanyaje?"

Wote wakanyooka. Nimeona watu wakinyooka hivyo bendera inapopandishwa.

"Mwalimu," akasema yule wa mbele, "hunawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Hujikausha kwa kitambaa chake, kile cha pembeni, ambacho wewe hufutia viatu ukidhani ni kitambaa tu. Asubuhi za baridi hukumbatia kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole vipate joto, ndipo aanze. Hutoboa ubavuni mwa kidole. Katikati hatoboi, kwa sababu katikati ndipo anaposhikia chaki."

"Hukizungusha," akadakia mwingine wa nyuma. "Leo cha pete, kesho cha kati. Anasema hataki kukichosha kimoja."

"Anapomtoa mmoja wetu, mlango unafungwa kabla wengine hatujahisi upepo. Tangu aanze hajamwangusha hata mmoja chini. Na siku kipimo kikimpa namba asiyoielewa, hagombani nacho. Hunawa upya, hurudia. Kisha anaandika zote mbili."

"Zote mbili," wakaitikia wengine.

Nikasimama mle ndani ya kopo. Nimelala pembeni ya mtu huyo, nimekula naye, nimemsikia akiamka, na kuhusu kidole cha chaki nimeambiwa na stripu.

Simu ikalia ukutani. Nikapokea. Ni mizani.

"Njoo," ikasema. "Mkeo yuko juu yangu, na simwelewi."

Nikasukuma mfuniko, nikauruka ukingo wa kopo, nikatua kwenye bamba la chuma.

Mama Osmunda ameketi kwenye kiti cha shule katikati ya mizani, na mapajani ana rundo la madaftari ya wanafunzi. Anasahihisha. Ukungu umeshuka, mimi mwenyewe natetemeka kwa baridi, lakini yeye jasho linamtoka kwenye paji la uso linadondokea kwenye hesabu za watoto. Kalamu nyekundu imetoka kwenye karatasi, inaweka alama za vema juu ya goti lake, juu ya chuma, juu ya hewa.

"Baba Osmunda," akasema, "leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane."

"Vizuri. Wape wote vema." Akashika kiganja changu akaandika tarehe, akaikosea, akaipigia mstari.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Juu ya meza yangu ya kazi kulikuwa na vitu viwili: chupa ya chai yenye sukari, na bomba la insulini lililojazwa tayari.

"Niko juu au niko chini?" akaniuliza. "Ninywe au nijichome? Unaonaje, nikisie?"

Neno hilo lilikuwa lake, lakini aliyempeleka kwenye kukisia ni mimi. Nilitazama chai, nikatazama sindano. Nikachagua moja, mkono ukagoma. Nikachagua ya pili, ukagoma vilevile.

Hapo ikafika Mashine ya Maabara. Ilikuja juu ya lori la tani thelathini, nyeupe, safi, yenye mapazia madogo kwenye madirisha. Nikavua kofia.

"Mheshimiwa," nikasema, "mke wangu ana sukari ngapi?"

Ikateremsha mkono mrefu wa kioo, ikachukua damu kidogo kwa adabu ambayo sijawahi kuona hata harusini. Ikaandika jina lake mara tatu ili lisipotee.

"Nitakuambia kwa usahihi ambao hautaukuta popote," ikasema.

"Lini?"

"Kesho saa nane mchana, daktari akishasaini."

"Kesho saa nane anaweza kuwa amekufa."

"Jibu litakuwa sahihi," ikasema Mashine ya Maabara. Haikusema kwa ukatili. Ilisema kwa huzuni, kama mtu anayejua kazi yake na anajua pia inapokomea.

Kitu kikanigusa kwenye kifundo cha mguu. Kilikuwa kipimo, na sweta lake la kijani lilikuwa limelowa ukungu.

"Sekunde tano," kikasema.

Nikapiga magoti. Bomba la maji likawa limeota kwenye nguzo ya mizani, na maji yake yalikuwa ya uvuguvugu. Nikanawa kwa sabuni, kidole gumba kikitangulia bila kuambiwa. Nikamnawisha na yeye. Nikaishika mikono yake ndani ya mikono yangu mpaka ikapata joto. Sikumenya chochote. Nikatoboa ubavuni mwa kidole cha pete, na tone la kwanza likatoka, likanitazama.

"Mimi ni wa kufutwa," likasema. "Usione vibaya."

Nikalifuta. Tone la pili likaja lenyewe bila kukamuliwa, nikalipeleka kwenye stripu.

Tano. Nikamwona jana mchana akinisikiliza nikifoka, mikono ameikunja mapajani.

Nne. Nikaona droo.

Tatu. Nikasikia Osmunda akipiga simu kutoka Songea anakosoma, akianza kama anavyoanza siku zote: "Baba, Mama amepima?"

Mbili. Sikuona kitu.

Moja.

"Mbili nukta tisa," kikasema kipimo.

Na mimi, hata pale, tabia yangu ilikuwa bado haijanitoka. "Unaweza kuwa umekosea," nikasema.

"Naweza. Huku chini sipewi kumi na tano katika mia, napewa nukta nane tu. Inaweza kuwa mbili nukta moja. Inaweza kuwa tatu nukta saba."

"Ikiwa mbili nukta moja nifanye nini?"

"Mpe chai ya sukari."

"Na ikiwa tatu nukta saba?"

"Mpe chai ya sukari."

Nikakitazama. "Sasa mimi nilikuwa nagombana na wewe kwa ajili gani?"

"Sijui," kikasema. "Mimi napima sukari tu."

Nikamimina chai. Akaishika kwa mikono miwili, meno yakigonga ukingo wa kikombe, akanywa yote. Tukasubiri robo saa. Mashine ya Maabara ilikuwa imezima taa zake kwa heshima, na mizani ilijizuia isigune. Nikanawa tena, nikapima tena.

"Nne nukta saba," kikasema kipimo.

Jasho likamkauka Mama Osmunda. Akainua kiganja changu, akakisoma. "Hii tarehe nani ameiandika vibaya hivi?" akauliza, akaisahihisha.

Nilikaa chini kwenye chuma. Nikajaribu kufikiria kitu kingine cha gramu hamsini ambacho kingeweza kufanya nilichokiona kikifanywa, sikukipata. Nikamfikiria na yeye, mara elfu nne mia tatu na themanini, peke yake na kitambaa chake na kikombe chake, akiuliza swali lilelile na kulipokea jibu lake lilivyo, bila kulipenda wala kulichukia. Nimeshuhudia wanaume wenye malori ya magurudumu ishirini na mawili wakilia mbele ya namba moja tu.

Nikachukua mihuri yangu. "Nina miwili," nikakiambia kipimo. "LIMEZIDI na PITA."

"PITA unatosha."

Nikakigongea kwenye sweta, kifuani. Mashine ya Maabara ikasema kutoka juu ya lori lake, "Kila akija kliniki tukilinganisha, kama ulivyofanya jana, ila kwa mikono safi, mimi sina neno nacho. Kinafika mahali mimi siwezi kufika."

Kipimo kilikuwa kinanitazama mimi.

"Kidole," kikasema.

"Mimi si mgonjwa."

"Sijasema mgonjwa. Nimesema kidole."

Lazima nikiri hapa. Nimepima kila lori lililopita kwenda kusini kwa miaka kumi na mmoja, na mimi mwenyewe sijawahi kupanda juu ya kitu chochote. Kiu niliyonayo siku hizi nasema ni vumbi la kazini. Kuamka mara tatu kwenda chooni nasema ni baridi. Nikaficha mkono nyuma.

"Baba Osmunda," akasema mke wangu, "lete mkono."

"Inauma?"

"Ndiyo," akasema. "Lete."

Nikaleta. Akafanya yeye, ubavuni mwa kidole, na ilikuwa imekwisha kabla sijamaliza kufumba macho. Zile sekunde tano sikuona kitu ndani yake, nilisikia tu moyo wangu.

"Saba nukta tisa," kikasema kipimo, kwa sauti ileile ya dirishani. "Umekula?"

"Tangu jana jioni sijala."

Mama Osmunda akaishika kalamu nyekundu, hakuweka vema.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshagusa pazia. Mama Osmunda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anafunga kitambaa kichwani. Niliruka nikamshika paji la uso. Lilikuwa kavu.

"Unatetemeka? Unatoka jasho?"

"Hapana. Nina kiu tu," akasema, akinishangaa. "Umeota nini?"

Nikatoa ufunguo kwenye mfuko wa suruali, nikafungua droo, nikakitoa kipimo kwenye gazeti nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia kwamba jana nilikosa, na kwamba kosa la namba lilianzia kwenye chungwa langu. Alinitazama kidogo. Alisema, "Nilijua. Nilisikia harufu yake." Kisha akaenda kunawa.

Nilimwangalia. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa cha pembeni. Kikombe kwa mikono miwili. Ubavuni mwa kidole. Kopo lilifunguka na kufungwa kwa pumzi moja.

"Kumi na moja nukta nne," akasema. "Nilijichoma kidogo mno. Niliogopa kuzidisha." Akaandika kwenye daftari. Kisha akabonyeza kitufe cha kumbukumbu ili alinganishe na ya jana, na kidole kikabaki pale pale juu ya kitufe.

"Baba Osmunda."

"Naam."

"Hii saba nukta tisa ni ya nani? Inasema ni leo alfajiri, saa kumi na moja na dakika arobaini."

Nikaegemea mlango. Ufunguo ulikuwa umelala mfukoni mwangu, na gazeti nilikuwa nimelifungua mwenyewe, na mikunjo yake ilikuwa ileile niliyoikunja jana.

"Ni yangu," nikasema.

Alinitazama usoni, kisha akanitazama mikono. Sikuona dalili kwamba ananidhania nimerukwa na akili. Alikuwa na uso ule anaokuwa nao akisahihisha.

"Ulinawa?"

"Sikumbuki."

"Basi kanawe, turudie."

Nikaenda nikanawa mpaka kwenye viwiko. Nikajikausha kwa kitambaa kile, mara ya kwanza kukitumia inavyotakiwa. Akanishika mkono, akatoboa, akafuta la kwanza. Tulisubiri tukiwa tumeinamia kioo kidogo, vichwa vikigusana.

Saba nukta tano.

"Na hujala," akasema. "Mtu aliyeamka bila kula hapaswi kufika saba."

"Sijala."

Akafungua daftari kwenye ukurasa mpya. Akaandika tarehe, na juu yake akaandika jina langu kwa mwandiko wake wa ubaoni, bila kukosea herufi hata moja.

"Ya uhakika watasema maabara," akasema. "Alhamisi nikirudi kliniki, huji kunisindikiza. Unakuja kupimwa." Akanisogezea kikombe cha chai. Nilionja, haikuwa na sukari.